Kilima cha Kolo kipate wenyewe kama kilima cha Mihintale

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niseme jambo ambalo limenikaa moyoni muda sasa, nalo ni hivi vilima vyetu vya huku kanda ya kati na hasa kile cha Kolo kule Kondoa chenye michoro ya mapangoni. Kila wikiendi hapa Dodoma nasikia watu wanasema mji hauna pa kwenda, yaani ukipata mgeni unampeleka kula nyama choma, unampitisha nje ya Bunge apige picha, unampandisha UDOM akaone jiji kwa juu, basi ratiba imeisha. Na serikali ndo imeshahamia huku, wageni wanaingia kila siku. Wakati huohuo ukishika barabara ya Babati unafika Kondoa, unasogea mbele kidogo upo Kolo, mahali ambapo UNESCO walipaingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006, lami mpaka pale, na wengi wanapapita kwa spidi ya basi wakiwahi Arusha.

Nimeandika sasa hivi kwa sababu nilipata bahati ya kupanda kilima kingine mbali sana, kisiwani Sri Lanka, kinaitwa Mihintale, na tangu niliporudi kila nikifikiria Kolo naumia. Mi ni afisa kilimo, shughuli yangu ni umwagiliaji na mabwawa, na hicho ndicho kilichonipeleka kule kwenye kozi fupi, maana wenzetu wale walianza kuchimba mabwawa kabla ya Kristo na mengine mpaka leo yana maji na yanamwagilia mpunga. Tulikaa upande wa Anuradhapura ambao ndo ulikuwa mji mkuu wao wa zamani. Watu wakisikia kisiwa cha nchi za joto wanawaza minazi na mvua kila siku, ila ule upande ni ukanda mkavu wa kisiwa, kiangazi kikishika nyasi zinageuka rangi, vumbi linatimka, jua linachoma, kuna sehemu nilikuwa naangalia dirishani nasema hapa si ndo Chamwino yetu ya Dodoma kabisa hapa. Kuna bwawa linaitwa Tissa Wewa, lilichimbwa enzi za mfalme wao Devanampiya Tissa karne ya 3 kabla ya Kristo, na nimelikuta lina maji, watoto wanaogelea jioni.

Sasa huyo mfalme ndo mwenye kisa cha kilima chenyewe. Wanasimulia kwamba siku moja ya mwezi mpevu wa mwezi wa sita, mwaka 247 kabla ya Kristo, alikuwa anawinda paa, akamfukuza mnyama mpaka juu ya kilima cha Mihintale, na pale akakutana na mtawa anaitwa Mahinda, ambaye kwa masimulizi yao ni mtoto wa Ashoka, yule mtawala mkubwa wa India. Mtawa hakuanza na mahubiri, alianza na maswali ya muembe uliokuwa pale pembeni. Akamuuliza, mfalme, huu mti unaitwaje? Akajibu ni muembe. Kuna miembe mingine zaidi ya huu? Ipo mingi. Na ukiacha huu na hiyo miembe mingine, kuna miti mingine? Ipo, ila sio miembe. Haya, ukiiacha hiyo miembe mingine, na ukiiacha hiyo miti isiyo miembe, umebaki mti gani? Mfalme akasema, umebaki huu muembe. Mtawa akaona huyu mtu anasikiliza na anafikiri, ndo akamfundisha dini, na wenyewe wanahesabu kwamba Ubuddha uliingia kisiwani siku ile, kwenye kilima kile. Mpaka leo kila mwezi mpevu wa Juni, siku wanayoiita Poson, watu wanafurika pale kwa maelfu, na barabarani wananchi wa kawaida wanaweka vibanda vya kuwapa mahujaji chakula na vinywaji bure kabisa, hakuna anayeulizwa dini wala kabila.

Mi sikwenda siku ya Poson, nilikwenda siku ya kawaida tu, na hiyo ndo ilinigusa zaidi, maana nilikuta watu. Kutoka Anuradhapura mpaka pale ni kama kilomita 12 hivi kwa bajaji, tulitoka alfajiri ili jua lisitukute njiani, na tulipofika chini ya ngazi tayari kuna bibi vizee wamevaa nguo nyeupe tupu wanapanda taratibu wameshikana mikono na wajukuu, kuna wanafunzi wa shule na mwalimu wao, kuna vijana na simu zao wanapiga selfi, kuna mama amembeba mtoto mchanga. Ngazi zote zinahesabiwa 1,840, za mawe ya graniti, na aliyezipanga alikuwa na huruma na watu maana zile za mwanzo ni pana sana na hazina kimo, mtu mzima mwenye magoti mabovu anapanda anapumzika, anapanda anapumzika, huku na huku kuna miti mikubwa ya kivuli yenye maua meupe ya kunukia, watu wanaokota yaliyodondoka wanapanda nayo kwenda kuyaweka juu kama sadaka. Nyani wadogo wapo kila mahali na wanakuangalia begi.

Ukifika katikati kuna njia ya pembeni kulia inakwenda kwenye kuba la kale la ibada wanaloliita Kantaka Cetiya, lilikuwa limefukiwa na udongo na miti karne nyingi mpaka wataalamu walipolifukua mwaka 1934, na ukutani mwake kuna nakshi za tembo, ndege na vijitu vifupi, zimechongwa kwenye jiwe na bado unaziona vizuri. Jirani na hapo ni mapango, mengi, ndimo walimokuwa wanaishi watawa wa kwanza, na hapa naomba msomaji anisikilize vizuri kwa sababu nitalirudia hili. Juu ya mdomo wa kila pango wamechonga mfereji mwembamba kwenye mwamba wenyewe, unafuata ukingo wa pango kwa juu. Mwenyeji wangu akanieleza kazi yake, mvua ikinyesha maji yanateremka na uso wa jiwe, yakifika kwenye ule mchongo hayawezi kuendelea kuteleza kuingia ndani, yanakatikia pale na kudondoka chini nje. Ni mchongo mdogo tu wa patasi, umefanywa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na ndani ya pango ni pakavu.

Kwa mtu wa maji kama mimi kile kilima ni darasa. Juu kuna birika lililochongwa kwenye mwamba, nyuma yake ukutani wamechonga nyoka mwenye vichwa vingi anainuka kutoka majini, mvua yote ya upande ule inakusanyika humo, halafu ilikuwa inashuka kwa mifereji mpaka kwenye birika lingine chini lenye simba wa mawe ambaye maji yalikuwa yanatokea mdomoni kwake, watawa wanachota. Hamna pampu, hamna dizeli, ni mteremko tu na akili. Chini kabisa kuna magofu ya hospitali ya kale, karne ya 9 huko, na kuna jiwe kubwa limechongwa kwa ndani umbo la mtu aliyelala, mgonjwa alikuwa analazwa mle kwenye dawa za mitishamba na mafuta. Nilisimama pale muda mrefu nawaza kwamba hawa watu walikuwa wanapanga jinsi ya kumtunza mgonjwa juu ya kilima cha ibada wakati ule.

Ila kitu kilichonifanya niandike barua hii kipo kwenye uwanda wa katikati, pale palipokuwa na ukumbi wa kulia chakula. Kuna hori refu la jiwe lililokuwa linajazwa wali wa watawa, na karibu yake yamesimamishwa mabamba mawili makubwa ya mawe yameandikwa kuanzia juu mpaka chini, yaliwekwa na mfalme Mahinda wa Nne karne ya 10. Nikadhani ni maombi. Kumbe ni kanuni za uendeshaji! Zimeandikwa taratibu za watawa za kila siku, wafanyakazi wa pale na malipo ya kila mmoja kwa kazi yake, yapi yamekatazwa kwenye ardhi ya kilima, na kwamba hesabu za mapato na matumizi ziandikwe kila siku, zijumlishwe mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwaka zisomwe mbele ya jumuiya ya watawa. Hayo yamechongwa kwenye jiwe mahali ambapo kila anayekwenda kula anayaona. Ndugu Mhariri, mimi nimefanya kazi na vyama vya wamwagiliaji miaka yote na najua mradi unakufa wapi, unakufa siku ambayo hakuna anayejua nani anatunza, nani analipwa, na hela imekwenda wapi. Hawa walilimaliza hilo kwa patasi.

Juu kabisa unavua viatu na kofia. Mi ni Muislamu, kuvua viatu mahali pa heshima sio kitu kigeni kwangu, nilivua nikatulia pembeni, sikuabudu na hakuna aliyeniambia niabudu, nilikaribishwa tu. Jiwe likishapata jua linaunguza nyayo kwelikweli kwahiyo wanaojua wanavaa soksi. Pale ndipo kuna kuba dogo jeupe lililozungukwa na nguzo za mawe, wanasema limejengwa mahali penyewe mfalme alipokutana na mtawa, upande mmoja kuna kuba kubwa sana jeupe la Maha Seya, na upande mwingine kuna jabali tupu limesimama, wamelikatia vingazi vyembamba na kuweka vyuma vya kushikilia, unapanda huku upepo unakuvuta nguo. Nilipanda mpaka mwisho. Kutoka pale unaona msitu wote, mabwawa yanang'aa moja baada ya jingine, na mbali kule makuba ya Anuradhapura yametokeza juu ya miti. Wenyewe wanaamini eneo lile ndo hifadhi ya wanyama ya kwanza duniani kwa sababu mfalme baada ya kuongoka alikataza kuwinda pale. Kama ni ya kwanza duniani au la waamue wanahistoria, mi nilichoona ni kwamba miti ipo na wanyama wapo na mji upo kilomita chache tu.

Sasa turudi Kondoa, ndipo nilipozaliwa, mi ni Mrangi.

Kolo kuna mapango kadhaa juu ya mlima yenye michoro, na pale kwenye pango la Mongomi ndo pamebeba habari yenyewe. Wale ambao hawajafika, unaanzia ofisi ya Mambo ya Kale pale barabarani Kolo, unapewa mwongozaji, mnakwenda na gari mpaka chini ya mlima, kisha mnapanda kwa miguu kwenye mawe na miti, sio mbali ila unahema. Ukifika unakuta jabali limeinama limefanya kivuli, na ukutani kuna watu wembamba warefu wa rangi nyekundu, vichwa vyao vikubwa, wengine wanasema wamevaa vinyago na wengine wanasema ni nywele, kuna sehemu wameshikana mikono wanavutana na yupo mmoja katikati kama anagombaniwa, wataalamu mpaka leo kila mmoja ana maelezo yake. Kuna wanyama pia. Michoro myekundu ndo ya kale, ya wawindaji walioishi hapa kabla yetu, na ile myeupe ilikuja baadaye na wakulima. Mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey alikuja akainakili miaka ya 1950, na eneo zima la urithi lina mapango zaidi ya 150 kwenye kilomita za mraba 2,336, kwahiyo hapa nazungumzia sehemu moja tu.

Na Mongomi sio makumbusho. Bibi yangu alikuwa anasema mvua ikichelewa wazee wanapanda, na wagonjwa walikuwa wanapelekwa, na mpaka leo wapo wanaopanda. UNESCO walipopaingiza kwenye orodha waliangalia michoro na waliangalia pia hilo, kwamba watu wanaoishi hapo chini bado wana uhusiano na yale mapango. Yaani dunia imetuheshimu kwa sababu kilima kina wenyewe wanaokipanda, halafu sisi huku tunakiendesha kwa bango la barabarani na tiketi.

Najua mvutano uliopo. Wahifadhi wanasema wazee wakitambika wanamwagia pombe ukutani na inaharibu rangi, na ni kweli inaharibu, pombe na mafuta kwenye mchoro wa miaka elfu na zaidi havifai hata kidogo. Wazee nao wanasema hawa wa ofisini wamekuja juzi wanataka kutufungia mlango wa kwetu. Kuna masheikh na wachungaji wetu wanaosema yote hayo ni ushirikina pafungwe kabisa. Na wakati hao watatu wanavutana, usiku wanakuja wa nne ambao hawana habari na dini wala historia, wanachimba sakafu ya mapango wakitafuta dhahabu ya Mjerumani! Mashimo yamechimbwa pale kwa ajili ya hadithi ya mali ya Mjerumani ambayo hakuna aliyewahi kuiona, na udongo wa sakafu ya pango ndo kitabu chenyewe cha wataalamu, ukishauvuruga umeuvuruga, haurudishiki.

Kwa suala la dini naomba niwape mfano wa kulekule kisiwani. Sri Lanka kuna mlima mwingine, Sri Pada, wenyewe mrefu mita 2,243, juu yake kuna alama kwenye mwamba inayoonekana kama unyayo. Wabuddha wanasema ni unyayo wa Buddha, Wahindu wanasema ni wa Shiva, Waislamu na Wakristo wengi wanasema ni wa nabii Adam, na wote wanapanda mlima uleule kwa njia zilezile kuanzia Desemba mpaka Mei. Ibn Battuta, yule msafiri Muislamu aliyefika Kilwa yetu mwaka 1331, aliupanda mlima ule mwaka 1344 na akaeleza minyororo ya chuma iliyofungwa kwenye mwamba ya kusaidia wapandaji. Msafiri yule alikaa Kilwa akaswali na watu wa Kilwa, na alipopanda Sri Pada alikuta watu wa imani nyingine wanapanda hakuvunja kitu wala hakumfukuza mtu. Sisemi watu wakatambike, mwenye imani yake aishike, nasema kilima kinaweza kuwa na heshima ya wengi bila kugombaniwa.

Na kuna wanaoniambia watu wetu wa Kondoa hawawezi kufuata kanuni. Hapana jamani, hilo nalikataa kabisa. Watu wa umri wangu tunakumbuka makorongo ya Kondoa yalivyokuwa, ardhi imekatika, mvua ikinyesha mito inashuka myekundu mchanga mtupu. Mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa kwenye lile eneo lililomomonyoka, ng'ombe, mbuzi, kondoo, vyote, familia zimelia kwa sababu ng'ombe ndo benki na ndo mahari. Iliuma sana. Ila milima ile ikarudisha miti na majani, nenda kaangalie leo. Kwahiyo watu wa Irangi walishabeba kanuni ngumu kuliko zote kwa ajili ya milima yao, tofauti ni kwamba ile ilitoka juu kama amri, na mimi ninachoomba kwa Kolo kitoke kwa wenyewe, wakae wazee wa Kolo, viongozi wa dini, halmashauri, Mambo ya Kale na vijana waongozaji wakubaliane, na yale makubaliano yaandikwe kwa Kiswahili na Kirangi mahali pa wazi. Watambikaji watengewe sehemu yao, jiwe la pembeni lisilo na mchoro, na wao wenyewe ndo wachague ni lipi, sio afisa awachagulie. Sehemu ya hela ya tiketi ijulikane inabaki kijijini ni kiasi gani na imefanya nini, na kila mwezi ibandikwe pale ofisini na kijijini, shilingi kwa shilingi. Mzee anayejua habari za Mongomi alipwe kwa ujuzi wake anapowasimulia wageni, na vijana walinzi wa usiku walipwe vizuri, uone kama kuna mtu atapanda na sururu tena.

Halafu ule mfereji wa juu ya pango niliosema. Kule Kolo mvua inateremka na uso wa jabali na unaona mistari ya maji imepita juu ya michoro. Sisemi mtu achukue patasi akachonge mwamba wa urithi, la hasha, ila wataalamu wa hifadhi wanazo njia za kuweka ukingo mdogo wa kuyakatisha maji bila kuumiza jiwe, na ningependa kusikia kutoka kwa wahusika kama limefikiriwa, lini, na kwa pango lipi. Ni kazi ndogo kuliko makongamano.

Na njia ya kupanda itengenezwe. Najua wapo wanaopenda porini pabaki porini na nawaelewa, ila mimi nimeona bibi wa miaka mingi anapanda Mihintale kwa sababu ngazi zinamruhusu, na mjukuu anajifunza kilima kutoka kwa bibi, sio kutoka kwa bango. Ngazi za mawe ya palepale, fupi na pana, sehemu mbili tatu za kukaa kivulini, maji ya kunywa ya bure hapo chini, choo kisafi. Shule za Dodoma zinazojaza watoto kwenye mabasi kuwapeleka mbugani mbali huko wakalale njiani, Kolo mnakwenda na kurudi siku hiyohiyo kama mkitoka alfajiri, na mtoto anarudi akijua kwamba watu walikaa kwenye nchi yake, wakachora, na rangi ipo bado.

Hapa jijini nako niseme kidogo. Vilima vinavyotuzunguka vinaliwa. Kila nyumba inayojengwa inataka mawe na kokoto, na nawaonea huruma akina mama wanaoponda kokoto juani kwa nyundo, ile ni riziki yao, ila lazima jiji liseme wazi kilima kipi kinachimbwa na kipi hakiguswi, na ambavyo haviguswi vifunguliwe njia za kupanda, asubuhi nawaona vijana wengi wanakimbia pembeni ya barabara kwenye moshi wa malori wakati Mlimwa na Imagi zimesimama pale. Nchi hii yetu kavu kilima ndo kinachotukusanyia maji, ukikimega mteremko wake umebadilisha njia ya mvua na mafuriko yatakuja mlangoni kwako.

Kwa atakayeamua kwenda Kolo baada ya kusoma hapa, nenda kipindi cha kiangazi maana masika njia ya ndani inateleza, vaa viatu vya kushika ardhi, beba maji ya kutosha, pita ofisini kwanza uchukue mwongozaji wa pale pale. Usiguse ukuta kwa mkono, jasho linaharibu, na tafadhali sana usimwagie mchoro maji ili picha itoke vizuri kwenye simu, hiyo tabia imechangia kufuta mingi. Ukikuta wazee wapo kwenye shughuli yao subiri chini mpaka wamalize, salamu yako watakupokea vizuri.

Na kwako Mhariri, ombi langu ni kwamba gazeti litume mwandishi Kolo kabla ya mvua za Desemba, akae na wazee wa vijiji vya chini ya mlima, sio maafisa peke yao, awaulize wangependa nini kiandikwe kuhusu Mongomi na nani wanamtambua kama mtunzaji. Wengine wana umri mkubwa sana sasa. Mimi niko tayari kumpeleka na kumtafsiria Kirangi bila malipo yoyote, namba yangu mnayo hapo ofisini.

Msomaji wenu,
Afisa kilimo, mzaliwa wa Kondoa, mkazi wa Dodoma